Mwizi Akivunja Mlango Usiku: Sheria Inaturuhusu Nini?

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo hujitokeza karibu kila tunapokutana na vikundi, hata siku tuliyokuja kwa habari ya mbuzi wa maziwa au matangi ya maji. Mwishoni mtu huinua mkono na kuuliza: "Mwizi akiingia kwangu usiku, nikimkata, nitafungwa?" Wengine hucheka. Aliyeuliza hacheki. Ana ng'ombe aliyenunuliwa kwa mkopo wa kikundi, ana pampu, ana sola juu ya mabati, ana simu ambayo ndani yake mna akiba yote ya nyumba. Kituo cha polisi kiko mbali, na mvua ikinyesha hata pikipiki haipiti.

Basi tujibu kwanza, kisha tueleze. Ndiyo, unaruhusiwa kujikinga. Hapana, huruhusiwi kuadhibu. Kati ya hayo mawili kuna dakika chache tu, na katika dakika hizo watu wema wameharibu maisha yao.

Sheria inayohusika ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, ambayo ilianza kutumika 1930 wakati wa ukoloni. Kifungu cha 17 hakitupi orodha ya yanayoruhusiwa. Kinasema tu kwamba mtu aliyetumia nguvu kujikinga au kukinga mali ataamuliwa kwa kufuata kanuni za zamani za sheria ya Kiingereza. Ajabu kidogo, kwamba mambo ya usiku kwenye boma letu yapimwe kwa kanuni za huko, lakini ndivyo ilivyo, na majaji wetu wamezifafanua kwa miaka mingi. Kwa lugha ya nyumbani wanauliza maswali mawili. Je, uliamini kweli kwamba kuna hatari? Na je, nguvu ulizotumia zililingana na hatari hiyo?

Katika kesi ya Mokwa, 1976, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema kujikinga ni utetezi kamili, hata kwa mtu aliyeshtakiwa kwa mauaji, isipokuwa kama alitumia nguvu kupita kiasi. Akipita kiasi, shtaka la mauaji laweza kushuka likawa kuua bila kukusudia. Wengine wakisikia "bila kukusudia" hudhani ni jambo jepesi. Si jepesi. Adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha.

Sasa tuchukue mfano. Baba amelala na watoto. Saa nane za usiku mlango unapigwa jiwe, unafunguka, mtu anaingia na panga mkononi. Baba anashika rungu, anampiga kichwani, yule mtu anaanguka na kufa. Hapa sheria iko upande wa baba. Hakuna jaji atakayemuuliza kwa nini hakupiga polepole. Tangu 1971 mahakama zimekuwa zikifuata neno lililotolewa London katika rufani ya mtu wa Jamaica, kesi ya Palmer, kwamba mtu aliyevamiwa hawezi kupima nguvu zake kama anayepima sukari dukani. Na akisema mbele ya mahakama kwamba alikuwa anajikinga, ni kazi ya upande wa mashtaka kuonyesha kwamba sivyo.

Tubadilishe kidogo. Yule mwizi anasikia kikohozi cha baba, anatupa redio chini na kukimbilia kwenye mahindi. Baba anamfuata mpaka mtoni, anampata ameteleza, anamkata mgongoni. Panga ni lile lile, usiku ni ule ule, hasira ni ile ile. Lakini hatari ilikwisha pale mtu alipogeuka na kukimbia. Kumfuata ili umkamate ni haki yako. Kumkata akiwa chini ni jambo lingine kabisa, na hapo baba atajibu kama mshtakiwa yeyote.

Mali nayo inakingwa, ila si kwa kipimo kile kile cha uhai. Anayechuna mahindi yako mchana mkimbize, mkamate, mpigie kelele. Roho ya mtu haiuzwi kwa gunia la mahindi, na mahakama haitakubali bei hiyo.

Tuseme pia juu ya mitego, maana tumeona nyaya za umeme zimezungushwa kwenye madirisha na mabanda ya kuku. Mtego hauna macho. Haujui mwizi, haujui mtoto aliyeamka kwenda choo, haujui jirani aliyekuja mbio kwa sababu umepiga nduru. Na ukiua, utasemaje kwamba ulikuwa unajikinga, na wewe ulikuwa usingizini? Tafadhali, nyaya hizo ziondolewe leo.

Tumefika mahali penye uzito. Mwizi amekamatwa. Amefungwa kamba kwenye mti, kijiji kizima kimefika, na mtu mmoja ameanza kuuliza mafuta ya taa yako wapi. Sisi wote tunajua yanayofuata, hatuna haja ya kuyasimulia mbele ya watoto.

Sheria ya kuendesha kesi za jinai, Sura ya 75, inampa mwananchi wa kawaida uwezo wa kumkamata mtu anayefanya kosa kubwa mbele yake. Lakini inamtaka ampeleke kwa polisi bila kukawia, na mtu huyo asifungwe zaidi ya inavyohitajika ili asitoroke. Kumpiga hakumo. Na akifa, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 21, haiangalii tu nani alitupa jiwe la mwisho. Waliokubaliana kufanya jambo baya pamoja huhesabiwa wote kuwa wamelifanya. Aliyeleta kamba yumo. Aliyeleta mafuta yumo. Kijana wa kidato cha tatu aliyerusha jiwe moja ili asionekane mwoga, naye yumo.

Na je, mna hakika ni mwizi? Usiku, watu wakipiga mayowe, mlevi aliyekosea mlango huonekana mwizi. Mgonjwa wa akili anayetangatanga huonekana mwizi. Mgeni aliyekuja matangani na hajui njia huonekana mwizi. Wakati mwingine ni deni la zamani au ugomvi wa mpaka wa shamba, na mtu anatumia neno "mwizi" kumaliza adui yake kwa mikono ya wengine.

Tunajua mtakavyojibu, maana tumelisikia mara nyingi: "Tukimpeleka polisi, kesho tutamwona sokoni." Neno hilo lina ukweli ndani yake, na hatutalipuuza. Lakini tulitenganishe. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata kama saa hizo zimeishia wakati korti imefungwa. Pia inampa haki ya dhamana, isipokuwa kuwe na sababu nzito ya kumnyima. Basi kumwona sokoni si kusema kesi imekwisha. Yuko nje akingoja kesi, kama ambavyo mwanao angengoja.

Kinachoua kesi nyingi ni sisi kutofika. Walalamishi hawaandiki taarifa, au wanaandika kisha siku ya kesi hawaonekani. Hakimu anauliza shahidi yuko wapi, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, kisha anamwachilia mshtakiwa kwa sababu hana la kufanya. Adhabu ipo. Kuvunja nyumba ya mtu usiku kwaweza kumletea mtu miaka 10 gerezani, na usiku kwa sheria ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni mpaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wizi wa mabavu, yaani akija na silaha, au akiwa na mwenzake, au akijeruhi, adhabu iliyoandikwa ni kifo, ingawa hakuna aliyenyongwa Kenya tangu 1987.

Na ikiwa usiku huo mtu amekufa mikononi mwako ukijikinga? Usitoroke. Usiufiche mwili, usioshe damu, usisogeze panga lake wala rungu lako. Pigia polisi, au mtume jirani kwa naibu wa chifu, na uhakikishe jambo limeandikwa kwenye OB na umepewa namba. Pengine utakamatwa. Usishtuke sana, kukamatwa si kuhukumiwa. Una haki ya kunyamaza mpaka uongee na wakili, na anayeshtakiwa kwa mauaji bila uwezo wa kulipa wakili hupewa mmoja na serikali. Majirani walioitikia nduru waandike waliyoyaona wangali wakiyakumbuka, maana mlango uliovunjwa utatengenezwa baada ya siku mbili, na picha ya simu iliyopigwa asubuhi ile yaweza kumrudisha baba nyumbani.

Tunaomba kila kikundi kiamue mambo mawili kabla ya kuondoka hapa. Kwanza, watu watatu au wanne, wanawake wakiwemo, watakaosimama kati ya mwizi aliyekamatwa na umati, na wajulikane kwa majina. Mzee mmoja peke yake atasukumwa kando. Pili, mtenge kiasi kidogo katika sanduku la kikundi kiwe nauli ya shahidi kwenda kortini na chakula chake cha mchana. Kesi yaweza kuahirishwa mara tano, na mama mwenye watoto hawezi kupanda matatu mara tano kwa pesa zake mwenyewe. Mweka hazina atuambie leo ni shilingi ngapi.