Neno la Siri Ndani ya Programu

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu, wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi vijana mlioketi nyuma mkisubiri pilau:

Nimeombwa niseme kidogo juu ya kazi yangu ya kompyuta. Nitaeleza kosa moja nililolifanya mimi, likamwangukia mwingine.

Shirika moja, ambalo sitalitaja, lilinipa kazi ya kuandika programu ya mishahara. Niliiandika nyumbani kwenye Windows. Neno la siri la kufungulia kumbukumbu nililiweka katika faili dogo, nikaliita Siri.txt, na ndani ya programu nikaandika njia yake yote kuanzia C: hadi mwisho. Kwangu ilikwenda vizuri. Usiku wa kuamkia siku ya malipo tukaihamishia kwenye seva ya Linux, ikagoma.

Jambo hili lina historia yake. Unix hutenganisha majina ya folda kwa mshazari ulioinamia kulia. MS-DOS ya kwanza, ya mwaka 1981, haikuwa na folda kabisa, na mshazari huo ilikwisha kuupa kazi nyingine katika maagizo. Folda zilipokuja na toleo la 2.0, mwaka 1983, ikabidi kuchukua ule ulioinamia kushoto, na Windows ikaurithi. Tena Linux haina C:, vyote huanzia kwenye shina moja. Na kwake Siri.txt na siri.txt ni mafaili mawili, ilhali Windows kwa kawaida huyahesabu kuwa moja. Mimi nilikuwa nimechanganya herufi kubwa na ndogo bila kujali.

Saa nne usiku, watu wakingoja mishahara, nikafanya la haraka: neno la siri nikaliandika ndani ya programu yenyewe. Ikaenda. Nikapongezwa, nikanunuliwa chipsi kuku.

Wazee wenzangu mnakumbuka tulivyofunga masanduku ya bati bwenini kwa kufuli kubwa, kisha ufunguo tukautundika msumarini juu ya kitanda. Ndivyo nilivyofanya. Programu ile ikanakiliwa kwenye kompyuta sita na kwenye flashi nisizojua idadi yake. Baada ya miezi michache mishahara ya wakubwa ikawa inatajwa sokoni. Akashukiwa karani kijana, kwa sababu ndiye aliyeshika ufunguo wa chumba cha kompyuta. Akasimamishwa wiki tatu bila malipo.

Niliposikia, nilikwenda kwa meneja nikamweleza kwamba yeyote mwenye nakala angeweza kuifungua na kulisoma neno lile. Karani akarudishwa. Aliyelitoa hatukumjua.

Sasa ninyi mnaosoma somo hili: njia za mafaili msizikariri, iulizeni kompyuta. Python, kwa mfano, ina pathlib, ambayo huunganisha njia kwa desturi ya mashine iliyopo, na itakuambia nyumba ya mtumiaji iko wapi, iwe C:\Users, /home au /Users ya Mac. Neno la siri wekeni katika ghala la mfumo wenyewe: Mac ina Keychain, Windows ina Credential Manager, Linux ya mezani mara nyingi ina GNOME Keyring au KWallet.

Taabu iko kwenye seva, ambako hakuna mtu wa kufungua ghala hilo. Hapo angalau faili lipewe ruhusa 600, mwenyewe asome na kuandika, wengine wasiguse. Ingawa msimamizi mkuu wa mashine bado atalisoma. Ssh hukataa ufunguo wa siri ulioachwa wazi kwa wengine. Laiti programu yangu ingekuwa na ukali huo! Kwenye Windows tarakimu hizo hazikulindi. Huko kuna orodha ya walioruhusiwa, nayo hupangwa kwa njia yake.

Na neno likishavuja, libadilisheni kwanza. Kulifuta katika toleo jipya hakulitoi katika nakala za zamani.

Yule karani nilimfuata nyumbani kumwomba radhi. Salamu alipokea, kiti akanipa. Malipo ya wiki zile tatu shirika halikumrudishia, kwa hiyo nilikuwa nimebeba nusu yake kutoka mfukoni mwangu. Akazihesabu mbele yangu, kisha akaniuliza nusu ya pili italetwa lini. Niliipeleka mwisho wa mwezi uliofuata.