Mwaliko Usio na Nauli: Washairi wa Mbale na Jinja na Safari za Matamasha ya Kimataifa

Mada iliyoandaliwa kwa warsha ya waandishi na maafisa utamaduni, Mbale

Waandaaji waliomba mada ianze kwa kufafanua dhana. Tamasha la kimataifa la ushairi ni mkusanyiko wa washairi wa nchi mbalimbali wanaosoma tungo zao mbele ya hadhira kwa siku kadhaa. Rotterdam wanalo tangu 1970, Medellín nchini Kolombia tangu 1991, Durban tangu 1997. Mfadhili ni mwenye kutoa, mchangishaji ni mwenye kuomba. Washiriki wanayajua hayo; tutazame njia waliyosafiria waliotutangulia.

Mwaka 1956 mshairi Okot p'Bitek alifika Uingereza akiwa mchezaji wa timu ya kandanda ya Uganda, akabaki huko kusoma. Timothy Wangusa, mtoto wa Bugisu aliyezaliwa 1942, alikwenda Leeds kwa masomo miaka kadhaa kabla diwani yake ya Salutations haijatoka 1977. Wakubwa hao walivushwa bahari na mpira na masomo. Mshairi wa leo wa Namakwekwe hapa Mbale au Walukuba kule Jinja anaalikwa kwa mashairi yake tu, na mara nyingi barua ya mwaliko hutaja malazi na chakula, ikanyamaza kuhusu nauli.

Hapo ndipo michango huanza. Mbale inajua kuchanga. Kamati za harusi hukaa, kadi huchapwa, ahadi huandikwa daftarini. Na unapofika mwaka wa imbalu, tohara ya vijana wa Bugisu, ule wenye namba shufwa, ukoo mzima hutafuta mtama, mifugo na fedha. Simu imerahisisha kazi, ingawa serikali hukata asilimia 0.5 ya fedha za simu kila zinapotolewa. Mwalimu hutuma shilingi 10,000, muuza kahawa 5,000, na kidogo kidogo tiketi hukaribia.

Mwandishi wa mada hii amekaa kwenye kamati za namna hiyo kwa miaka mingi, na anachopigana nacho si ubahili wa watu. Watu hutoa. Kikwazo ni akaunti ya benki.

Mwombaji wa viza hutakiwa kuonyesha taarifa ya benki ya miezi kadhaa. Ya mshairi wetu huonyesha salio jembamba mwezi baada ya mwezi, kisha mamilioni yanaingia kwa mkupuo siku chache kabla ya miadi. Nyumbani kila mtu anajua yametoka wapi. Kwa karani wa viza, mamilioni hayo yanaonekana kama fedha za kuazima, zilizowekwa ili zionekane. Anajibu kwamba chanzo cha fedha hakijathibitishwa, na kwamba hana hakika kama mwombaji atarudi. Ubalozi mmoja uliwahi kukataa ombi la mshairi aliyekuwa na mwaliko halali. Daftari la michango, lenye majina na saini za waliotoa, halikufunguliwa. Ada ya viza hairudishwi: ile ya Schengen ni yuro 90 tangu Juni 2024, ya Marekani dola 185. Ukarimu wa majirani unageuka kuwa ushahidi dhidi ya waliyemchangia. Kisha majirani hao huuliza fedha zilikwenda wapi, na safari ya pili kadi hazipokelewi tena. Hili linauma, na linauma zaidi kwa sababu linazuilika.

Mada haikusudii kuzituhumu ofisi za kibalozi, ambazo zina kanuni zake. Ila Ibara ya 16 ya Mkataba wa UNESCO wa 2005 kuhusu uanuwai wa utamaduni inazitaka nchi zilizoendelea ziwarahisishie njia wasanii wa nchi zinazoendelea, na maafisa wetu wana haki ya kulikumbusha hilo kwa heshima.

Gharama ya kikwazo hiki inaonekana. Mwaka 2012 tamasha la Poetry Parnassus mjini London lilikusudia kumwalika mshairi kutoka kila nchi iliyoshiriki Olimpiki. Uganda iliwakilishwa na Nick Makoha, aliyeondoka nchini akiwa mtoto na anayeishi London. Tuvalu, visiwa vidogo vya Pasifiki, iliwakilishwa na Selina Tusitala Marsh wa New Zealand. Wote wawili ni washairi hodari na walistahili. Hata hivyo, aliyebaki nyumbani ana habari ambazo hakuna wa kuzisema kwa niaba yake. Mwaka 2014 Kathy Jetñil-Kijiner wa Visiwa vya Marshall alisoma shairi lake mbele ya viongozi wa dunia katika mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa, New York. Nasi tunayo ya kusimulia: Bududa, kwenye miteremko ya Elgon, ilifukiwa na maporomoko Machi 2010, na mafuriko yakaikumba Mbale yenyewe mwishoni mwa Julai 2022. Mlima Elgon nao una la kusema ukumbini humo.

Mapendekezo. Kwanza, chama cha waandishi kifungue akaunti ya safari sasa, kabla hajaalikwa mtu, ili michango iingie humo mwaka mzima na chama ndicho kiwe mdhamini. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kilichoanza hapa mwaka 1988, kiombwe kutoa barua za udhamini. Waalikaji waombwe kulipa tiketi moja kwa moja badala ya kuahidi kumrudishia mshairi fedha baadaye. Wizara inayosimamia utamaduni itoe barua ya utambulisho kwa wakati. Daftari la michango lithibitishwe na wakili na kuambatishwa kwenye maombi. Wachangaji wapewe hesabu, safari ikifanikiwa au ikikwama. Vyama vya ushirika wa kahawa navyo viombwe michango. Bugisu wana chao tangu 1954.

Washairi chipukizi waanzie Kistrech, tamasha la kimataifa lililoanzishwa Kisii, Kenya, mwaka 2013: Mganda huvuka Malaba kwa kitambulisho cha taifa na kupanda basi. Na, kwa kurudia la kwanza, akaunti ifunguliwe sasa, kwa jina la chama, watia saini wakiwa watatu, wa Mbale na wa Jinja.