Wapunjao Kipimo cha Haya

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.



Kamati ya msikiti imetuomba tuzungumze juu ya haya na michezo inayoonyeshwa katika televisheni. Huenda wapo waliokuja wakitarajia kutusikia tukitamka kwamba michezo yote ni haramu, kisha warudi nyumbani kuwahi kipindi cha pili. Hatutatamka hivyo, kwa kuwa si kweli. Imepokewa kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), Bibi Aisha akamshinda, miaka ilipopita na mwili wake ukaongezeka wakashindana tena, akashinda Mtume, naye akamtania kwamba sasa wamelipana. Imepokewa vilevile kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki ndani ya Msikiti wa Madina, na Bibi Aisha akatazama kutoka nyuma ya bega la mumewe mpaka akatosheka mwenyewe. Dini hii haina ugomvi na mbio wala mchezo. Ugomvi wake ni na jambo jingine, nalo ni kupunja.

Sura Al-Mutaffifin inaanza kwa kuwaonya watu ambao wakipimiwa hudai kipimo kamili, na wakiwapimia wenzao hupunguza. Wengi wetu tunapoisoma tunafikiria duka: mizani, pishi na kibaba. Lakini haya nayo hupimwa, na leo wapo wanaoipimia dunia haya kwa vibaba viwili, kimoja cha kutolea na kimoja cha kupokelea. Tena si wageni peke yao.

Tuanze na kisa kilichojulikana ulimwengu mzima. Tarehe 1 Februari 2004, katika mji wa Houston, Texas, ilichezwa fainali ya mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa kwa mikono na kwa mpira wenye umbo la yai. Watazamaji wa televisheni huko Marekani walikuwa wapatao milioni 90. Wakati wa mapumziko kulikuwa na muziki. Mwimbaji Justin Timberlake alinyoosha mkono akang'oa kipande cha vazi la mwimbaji mwenzake, Janet Jackson, na kifua cha mwanamke huyo kikaonekana upande mmoja. Mahakama baadaye ilieleza kuwa picha hiyo ilidumu kwa sehemu tisa za kumi na sita za sekunde moja, yaani zaidi kidogo ya nusu sekunde.

Nchi ikatikisika. Mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilipokea malalamiko yapatayo 540,000, na mwezi Septemba mwaka huohuo ikavitoza vituo 20 vya kampuni ya CBS faini ya jumla ya dola 550,000. Bunge likapandisha kiwango cha juu cha faini za aina hiyo mara kumi, kutoka dola 32,500 hadi dola 325,000, na rais akatia saini sheria hiyo mwezi Juni 2006. Kesi ilidumu miaka minane. Mahakama ya rufaa iliitengua faini mwaka 2008, ikaitengua tena mwaka 2011, na Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza mwaka 2012.

Hatusemi kwamba kilichoonekana kilikuwa halali. La hasha. Sisi ni wa mwanzo kukubali kuwa uchi usirushwe katika sebule za watu. Twauliza tu juu ya saa nyingine za matangazo yaleyale. Tangu mwanzo hadi mwisho walikuwapo pembeni mwa uwanja wasichana wa kushangilia, ambao nguo zao zilikuwa chache kwa makusudi, na kamera ziliwarudia mara kwa mara. Palikuwa na tangazo la bia ambamo mbwa anamng'ata mtu sehemu zake za siri ili aiachie bia yake. Yakatangazwa na madawa ya nguvu za kiume, mchana na jioni, watoto wakiwa wamekaa pamoja na baba na mama. Hayo yote hayakutozwa faini, kwa sababu yalikwisha kulipiwa. Mtangazaji alinunua sekunde 30 kwa zaidi ya dola milioni mbili, na aliyenunua nafasi kwa bei hiyo haulizwi habari za haya. Ile nusu sekunde pekee ndiyo iliyokuwa haina risiti.

Na tazameni ni nani aliyebebeshwa mzigo. Mkono uliong'oa vazi ulikuwa wa mwanamume. Wiki moja baadaye, katika sherehe za tuzo za muziki zilizorushwa na CBS hiyohiyo, mwanamume huyo alisimama jukwaani, akaomba radhi kwa maneno machache na kuondoka na tuzo mbili, mwanamke hakuwepo. Mwaka 2018 mwanamume akaalikwa tena kutumbuiza katika fainali ileile. Mwanamke, naye ni mweusi, hakualikwa. Na Septemba ya mwaka huohuo, Les Moonves, aliyekuwa akiiongoza CBS siku zile za faini, alijiuzulu baada ya wanawake kadhaa kumtuhumu kwa udhalilishaji wa kijinsia, tuhuma ambazo alizikana. Twayaacha hayo kwa mahakimu wao.

Sasa tutoke Houston twende ufukweni, tuone kibaba cha pili. Kwa miaka mingi kanuni za mpira wa wavu wa ufukweni ziliwalazimu wanawake wavae chupi ya kuogelea ambayo upana wake ubavuni usizidi sentimita 7. Ndugu zetu, zingatieni neno "usizidi". Palikuwa na mtu ofisini aliyeketi na rula akiandika mpaka wa juu wa stara! Wanaume wa mchezo huohuo walivaa kaptura na fulana. Kanuni hiyo ililegezwa mwaka 2012 tu, wanawake wakaruhusiwa kaptura na mikono mirefu. Mpira wa mikono wa ufukweni ukabaki na yake, yenye sentimita 10. Mwezi Julai 2021, huko Varna, Bulgaria, timu ya wanawake ya Norwei iliamua kuvaa kaptura za kubana katika mechi ya kutafuta mshindi wa tatu dhidi ya Hispania. Si hijabu, si baibui, ni kaptura. Shirikisho la Ulaya likawatoza faini ya euro 1,500, likisema vazi lao si sahihi. Baada ya kelele za dunia kanuni ilibadilishwa mwishoni mwa mwaka huo. Hivyo katika muda usiofika miaka 20 tumeona faini ya kuonyesha mwili na faini ya kuufunika. Anayetafuta maana ya haya katika faini hizo mbili hataipata. Ataipata maana ya biashara.

Kwa wanawake wa Kiislamu kibaba kilikuwa kidogo zaidi. Tarehe 3 Juni 2011, mjini Amman, timu ya wanawake ya Iran ilifika uwanjani kucheza na Jordan katika kuwania nafasi ya Olimpiki ya London. Walizuiwa kwa sababu vilemba vyao vilifunika shingo. Waliambiwa ni suala la usalama, kwamba kitambaa kinaweza kumkaba mchezaji, ingawa hapakuonyeshwa mchezaji hata mmoja aliyewahi kukabwa. Mabinti wale walilia pale uwanjani, na picha zao zikaenea. Ilichukua mpaka Machi 2014 kwa wenye sheria za mpira kuruhusu rasmi vazi la kichwa, na hapo juhudi za Mwanamfalme Ali wa Jordan zilisaidia sana. Mpira wa kikapu ulingoja mpaka 2017. Na tarehe 30 Julai 2023, katika Kombe la Dunia la wanawake huko Adelaide, Australia, beki wa Morocco Nouhaila Benzina alicheza akiwa na hijabu dhidi ya Korea Kusini. Morocco wakashinda bao 1-0, na shingo yake haikupata lolote.

Ufaransa ingali imeshikilia kibaba chake. Katika mwaka huohuo wa 2023 baraza lake kuu la mahakama za utawala lilikubali shirikisho la mpira liendelee kuikataza hijabu katika mechi zake, na katika Olimpiki ya Paris ya 2024 wanamichezo wake walikatazwa kuivaa, ilhali wa nchi nyingine waliivaa palepale Paris. Mkimbiaji wao wa mbio za kupokezana vijiti, Sounkamba Sylla, ilimbidi aingie katika ufunguzi akiwa na kofia. Kofia haikuwa na ubaya. Ubaya ulikuwa katika nia ya aliyeivaa.

Hapa ndipo wahubiri wengi huishia, na wasikilizaji huitikia Takbir. Tungependa msiitikie bado, kwani sura hiyo haikutaja kabila la wapunjaji.

Zipo nchi za Waislamu ambazo kwa miongo kadhaa wanawake walizuiwa kuingia viwanjani kutazama wanaume wakicheza. Iran ilifungua mlango kidogo Oktoba 2019, katika mechi na Kambodia, baada ya shinikizo la shirikisho la dunia. Je, Wahabeshi wa Madina walikuwa wanawake? Na mwaka 2018, timu ya Roma ilipokuwa ikicheza na Barcelona, televisheni ya nchi hiyohiyo iliziba chuchu za mbwa mwitu jike aliye katika nembo ya Roma. Mbwa mwitu! Mkicheka, chekeni taratibu, kwa maana zamu yetu imefika.

Siku ya Ijumaa tutazameni safu zetu. Kijana amesimama mbele ya Mola wake, na kifuani au mgongoni ameandikwa jina la kampuni ya kamari. Zamani ilikuwa bia: Liverpool walivaa jina la Carlsberg tangu 1992 hadi 2010, na jezi hizo tuliziona katika misikiti yetu, nasi tukanyamaza. Aya ya 90 ya Sura Al-Maida imeviweka kileo na kamari katika fungu moja la uchafu. Mwaka 2006 Frédéric Kanouté, mchezaji Mwislamu wa Sevilla, aliiziba nembo ya kamari katika jezi yake, naye alikuwa akilipwa kuivaa. Sisi hatulipwi, twainunua kwa fedha zetu. Hata klabu za Ligi Kuu ya Uingereza, ambazo hazina Sura Al-Maida, zilikubaliana mwezi Aprili 2023 kuziondoa kampuni za kamari mbele ya jezi baada ya msimu wa 2025/26.

Na sasa jambo lililotuleta hapa. Mnafahamu kwamba mabinti kadhaa wa madrasa yetu waliomba ruhusa ya kukimbia katika mashindano ya shule, wakiwa na suruali pana, kanzu fupi juu yake na ushungi. Mama zao walishona nguo hizo wenyewe. Wengine wetu tuliosimama hapa tulikuwa miongoni mwa waliokataa. Tulisema binti anayekimbia mbele za watu amevunja haya. Kikao kilikwisha kabla ya Magharibi. Baada ya Isha, wengi wa tuliokataa tulikuwa kwenye banda la mpira, nasi tulitazama matangazo yote, ya kamari na ya bia, na wanawake ambao kamera iliwatafuta majukwaani. Hatukuinamisha macho hata mara moja. Watoto wetu wa kiume walikuwa mapajani mwetu, wakajifunza matusi tuliyomtupia mwamuzi.

Aya ya 30 ya Sura An-Nur inawaamuru wanaume Waumini wainamishe macho yao na wahifadhi tupu zao. Ndipo inapofuata aya ya 31, ya wanawake. Tumeihifadhi ya 31 kwa moyo, tunaisoma kwenye harusi, kwenye darsa na kwenye vikao vya kamati. Ile ya 30 tumeiruka kama mtu arukavyo shimo la njiani, na hali ndiyo iliyotangulia. Binti mmoja alimuuliza baba yake swali ambalo limetufikia: kama kukimbia na ushungi ni aibu, mbona kutazama wasio na ushungi si aibu? Baba alimwambia anyamaze. Hatukupata jibu bora kuliko la baba huyo, na ndiyo sababu tumesimama hapa.

Hatudai kwamba jambo la mabinti hawa halina masharti. Mahali pa kukimbilia, watazamaji ni nani, na kama picha zitapigwa na kurushwa, hayo yote ni ya kuzungumzwa. Lakini yazungumzwe kwa kibaba kimoja.

Suala hilo litarudishwa mbele ya kamati Jumapili ijayo baada ya sala ya Alasiri. Tunaomba mama waliozishona nguo hizo wahudhurie, na waje nazo ili wanakamati wazione kwa macho yao. Nasi tuliokataa mara ya kwanza tumeomba kusema mwanzo, kwa kuwa tuna maneno ya kuyarudisha.

Wabillahi tawfiq.