Kuarifiwa Si Kufahamu

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakazi na wasimamizi wa wadi



Leo naomba tulizungumzie neno moja: ufahamu. Aliyefanya mtihani wa Kiswahili shuleni analikumbuka. Ulipewa taarifa uisome, kisha ukaulizwa maswali. Hukupata alama kwa kusoma. Ulizipata kwa kujibu.

Asili ya neno hili ni Kiarabu, fahima, yaani kuelewa. Katika Kiswahili limebeba mengi. Mtu akizirai tunasema amepoteza fahamu. Akizinduka, fahamu zimemrudia. Wanaojuana vyema tunasema wanafahamiana. Basi mwenye ufahamu yuko macho, anaelewa, na akiulizwa anajibu.

Neno arifu nalo lilitoka Kiarabu, na ndugu zake ni taarifa na maarifa. Ndilo tunaloliona kwenye matangazo ya serikali: "Wakazi wote wanaarifiwa..." Ni rahisi kudhani kwamba tangazo likishabandikwa, kazi imeisha.

Tuchukue mfano wa Mswada wa Fedha wa kaunti, unaopendekeza ada za soko, leseni za biashara na maegesho ya magari. Mama mboga akiliona tangazo la kikao cha kutoa maoni, ameshaarifiwa. Lakini je, anajua ada inayopendekezwa inazidi ya sasa kwa kiasi gani? Anajua maoni yake atayapeleka wapi, na kabla ya siku gani? Kama hawezi kujibu, bado hajafahamu. Na mswada ukishapita, atalipa sawa na aliyeuelewa.

Ndiyo maana Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inakuruhusu kuomba kwa Kiswahili au Kiingereza. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Usiyeweza kuandika, afisa anapaswa kukusaidia. Kwa kawaida uamuzi hutolewa ndani ya siku 21, au saa 48 iwapo habari zinazoombwa zinahusu uhai au uhuru wa mtu.

Wasimamizi wa wadi, nawaomba: mkishasoma tangazo barazani, waulizeni watu walichoelewa. Wasipoweza kujibu, lielezeni upya, hata kwa lugha ya mama.

Nanyi wakazi, msiondoke kikaoni na swali moyoni. Kuuliza si ujinga. Ulizeni ada ni ngapi, fedha zitafanya nini, na nani atawajibika.