Maisha ya Mwanafunzi wa Chuo Kikuu: Maneno Yaliyosemwa Kibondo

(Haya ni maneno aliyoyasema mwanafunzi wa Chuo Kikuu, mzaliwa wa Kasulu, mbele ya wanachama na vijana mjini Kibondo wakati wa likizo. Tumepunguza salamu tu.)



Mzee mmoja aliyeketi hapa mbele aliniuliza jana sokoni, watu wakisikia, kama ni kweli huko Chuo Kikuu tunasoma au tunacheza dansi tu. Niliona haya, maana jibu la kweli ni kwamba twafanya yote mawili, na katika mwaka wangu wa kwanza dansi ilikuwa ikishinda.

Swali lake si geni. Chuo chetu cha kwanza kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jumba la TANU pale Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria tu. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Miaka kama miwili baadaye, tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wakaandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu akawarudisha makwao mamia yao. Siku ile ile akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Basi tangu zamani nchi hii inauliza: mtoto tunayemsomesha, anatukumbuka?

Sisi watu wa Buha tuna sababu zaidi ya kuuliza. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, walakini kwa miaka mingi faida yake kwetu ilikuwa kuwachukua babu zetu kwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge. Kodi ilidaiwa, na zao la kuleta fedha halikuwapo, wakauza nguvu za mikono. Babu yangu alikata mkonge Tanga. Mimi nimepita njia ile ile nikiwa na begi la madaftari. Nilipaswa kulifikiria hilo tangu siku ya kwanza, lakini sikulifikiria.

Sasa nieleze siku yetu ilivyo. Tunaamka saa kumi na moja alfajiri, kwa kuwa ukichelewa ukumbini utasikiliza somo ukiwa umesimama dirishani. Mchana ni foleni ya chakula. Jioni ni maktaba, au chumbani na madesa, yaani zile karatasi za masomo tunazorudufu na kupeana. Muhula una wiki kumi na tano hivi za masomo, kisha mitihani. Katika vyuo vingi alama 40 katika 100 hutokana na majaribio na kazi za katikati ya muhula. Hapo ndipo wengi tunapoumia: tunadhani mtihani uko mbali, kumbe karibu nusu yake imekwisha kupita tukiwa kwenye sherehe.

Na sherehe zipo, ndugu zangu. Kuna ya kuwakaribisha wapya, ya kuwaaga wanaomaliza, siku za kuzaliwa, Pasaka, Idi, uchaguzi wa serikali ya wanafunzi. Siku ya Simba na Yanga hata mwalimu anajua ukumbi utakuwa mtupu. Sisemi ni vibaya. Kijana aliyetoka Kibondo asiyemjua mtu hata mmoja katika mji ule, mpira na muziki ndivyo vinavyompa rafiki. Nimemwona mwenzetu aliyejifungia na vitabu mwaka mzima akaugua kwa upweke.

Ubaya uko kwenye fedha. Mwanafunzi mwenye mkopo wa Serikali hupewa posho ya chakula na malazi. Mwaka wa masomo wa 2022/23 ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Haiji kila siku. Huja fungu moja la miezi miwili hivi, nasi twaliita bumu. Fikirini kijana wa miaka ishirini, ambaye hajapata kushika laki moja, anaamka asubuhi ana laki sita. Siku hiyo chipsi na kuku haviketi sokoni! Mimi nilinunua viatu, nikachangia sherehe mbili, nikamkopesha rafiki ambaye hajanilipa mpaka leo. Siku ya kumi na nane nilikuwa sina kitu.

Nikampigia mama simu, nikamwambia kuna kitabu kinahitajika. Kitabu hakikuwapo. Mama akauza gunia la maharage wakati wa mavuno, bei ikiwa chini kabisa, akanitumia fedha. Wiki ile ile nikawa naketi kibandani nakula ugali na maharage. Nikamuuliza mama lishe ameyatoa wapi, akasema, "Haya ya Kigoma, ndiyo matamu." Nilihesabu bei ya sahani yangu nikailinganisha na gunia la mama. Sikumaliza kula.

Muhula ule nilifeli masomo mawili nikarudia mitihani. Kwetu kufukuzwa kwa kushindwa masomo kunaitwa kudisko. Jina hilo wamelitunga wanafunzi wenyewe, na wazee mnaweza kucheka: dansi na kufukuzwa vina jina moja. Mimi sikudisko. Mwenzangu wa chumbani alidisko, na kwao hawajui mpaka sasa. Wanadhani yuko mwaka wa tatu.

Kwa mama nilikwenda kusema kweli likizo iliyofuata. Hakunigombeza. Aliniuliza tu viatu viko wapi.

Sasa nina neno kwenu pia, msinikasirikie. Mtoto akichaguliwa Chuo Kikuu hapa kwetu, mbuzi huchinjwa, pombe ya ndizi hutengenezwa, ngoma hupigwa hadi alfajiri. Ni heshima, nami nilichezewa. Lakini siku ya tatu baba yangu alikuwa akizunguka kwa majirani akikopa nauli. Kamati ya harusi tunaijua sana, daftari la michango lipo na asiyetoa anajulikana. Je, daftari kama hilo haliwezi kufunguliwa kwa nauli na godoro la mtoto wa kijiji? Ngoma ipigwe, mbuzi awe mmoja.

Na lipo jambo la haraka kuliko hayo. Wako vijana Kibondo na Kasulu wanaofaulu kidato cha sita, mkopo wakaukosa kwa karatasi tu. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, cheti cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi, mdhamini mwenye kitambulisho, na sahihi ya viongozi wa kijiji. Wengi wetu tumezaliwa nyumbani, cheti hatuna, na tunaanza kukitafuta dirisha la maombi likiwa linafungwa.

Nitakuwa ofisini hapa Jumamosi tangu saa tatu asubuhi. Mwenye kijana wa kidato cha tano au cha sita aje naye, aje na karatasi zozote alizo nazo, hata kadi ya kliniki. Tutaandika majina, tuone nani anakosa nini.