Mkopo na Kahawa Iliyo Mtini



Mkulima wa Kagera anayeuza kahawa yake ingali maua mtini, kwa biashara ile iitwayo butura, hudhani ameuza mazao. La hasha, amekopa. Amepokea fedha leo, naye atalipa kwa magunia wakati wa mavuno. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo riba yake, ijapokuwa haikuandikwa popote.

Mkopo wa chama ni afadhali, lakini nao una hesabu yake. Mwanachama akikopa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, huenda akatozwa riba juu ya fedha zote alizokopa, yaani shilingi 144,000. Riba ikihesabiwa juu ya salio, naye akirejesha shilingi 100,000 za mkopo kila mwezi, atatozwa shilingi 78,000 tu. Asilimia ni ile ile, lakini gharama imepungua karibu nusu. Ni wajibu wa katibu kumwonyesha mwanachama hesabu zote mbili kabla hajatia sahihi au dole gumba.

Kisha aulizwe fedha zitakwenda wapi. Harusi ni jambo jema, ila haileti marejesho. Mbolea ya mikahawa inayozaa huweza kujilipa msimu huo huo. Miche mipya ni mali, lakini huchukua miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa. Basi anayeikopea kwa miezi 12 hana budi awe na ndizi au maziwa ya kuuza ili apate marejesho ya kila mwezi.