Kayongo Huusikia Mwito wa Mahindi



Ukiyang'oa mahindi yenye afya, utaona mizizi na udongo. Usichokiona ni kuvu: nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinazoishi ndani ya mizizi na kutambaa mbali ardhini. Kuvu huyaletea mahindi fosforasi, nayo mahindi hulipa kwa sukari na mafuta.

Ushirika huu si wa kuaminiana tu. Mwaka wa 2011, mtafiti Toby Kiers na wenzake walionyesha kwamba mmea huzipa sukari zaidi kuvu zinazoleta fosforasi nyingi, na kuvu nazo hupeleka fosforasi zaidi kwenye mizizi inayolipa vizuri. Mzembe hupunguziwa.

Lakini yuko mdanganyifu asiyeleta chochote: kayongo, yaani striga, anayewatesa wakulima wa magharibi mwa Kenya. Mahindi yakikosa fosforasi, mizizi hutoa kemikali za kuziita kuvu. Mbegu ya kayongo, ambayo huweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10, huamshwa na mwito uleule. Huota, hujibandika kwenye mzizi na kuanza kunyonya maji na chakula. Maua yake ya zambarau yakichomoza, hasara imekwisha kuingia. Mahindi yaliita rafiki, akaja mwizi.

Shamba lililochoka ndilo hutoa mwito mkubwa zaidi. Kwa hivyo kurutubisha udongo ni sehemu ya kupigana na kayongo. Pimeni udongo, wekeni samadi au mboji, na mtumie mbolea kwa kiwango kinachofaa. Ng'oeni kayongo kabla hajatoa mbegu, kwa sababu mmea mmoja huweza kumwaga makumi ya maelfu.

Njia nyingine ni Sukuma-Vuta, iliyobuniwa na kituo cha utafiti cha icipe pamoja na washirika wake. Mkulima hupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi. Mizizi yake huziamsha mbegu za kayongo, kisha huzizuia kujibandika, zikafa kwa njaa. Mdanganyifu naye hudanganywa! Zaidi ya hayo, desmodiamu huongeza naitrojeni udongoni na ni lishe ya ng'ombe.

Anayeona kayongo shambani asingoje msimu ujao. Amwone afisa wa kilimo wa wadi yake mapema.